Usinunue Umri: Mwongozo Kamili wa Kuipandisha Tovuti Changa Kwenye Google

Swali ni lilelile kila wiki, limebadilishwa nguo tu. Mwenye duka la vipuri Barabara ya Kirinyaga anataka kujua kwa nini tovuti yake ya miezi minne imezama ukurasa wa sita, ilhali ya jirani yake, yenye picha za ukungu na rangi zilizopauka, imekaa juu kabisa. Fundi wa friji kutoka Umoja anauliza kama alipie domeni, yaani jina la tovuti, miaka 10 kwa mpigo ili Google imwamini. Mwingine haulizi tena: ameshatuma pesa kwa M-Pesa, amenunua domeni kuukuu, sasa anataka nimsaidie kuitumia.

Jibu kwanza, kazi baadaye. Mwaka 2019 John Mueller wa Google aliulizwa kuhusu umri wa domeni, akajibu waziwazi kwamba hausaidii chochote. Lakini mwaka 2017 kampuni ya Ahrefs, inayotengeneza zana za kupima tovuti, ilichunguza matokeo ya utafutaji, ikakuta kwamba kwa wastani kurasa zilizo kwenye kumi bora zina umri wa zaidi ya miaka miwili, na kwamba ni asilimia 5.7 tu ya kurasa mpya zilizoingia kumi bora ndani ya mwaka mmoja.

Kauli hizo mbili hazigombani. Ukurasa wa zamani umepata muda wa kukusanya linki kutoka tovuti nyingine, wasomaji na marekebisho. Kurasa zilizoshindwa zilishafutwa zamani, kwa hiyo ukitazama walio juu leo unawaona wazee walionusurika tu. Mama mboga aliyekaa kona moja miaka 12 ana wateja kwa sababu ya watu aliojuana nao humo ndani; mpe mtu mwingine kile kibanda kesho, miaka haihami naye.

Basi hatua zilizo hapa chini zina lengo moja: kila mwezi unaopita, tovuti yako ikusanye kitu.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Jina la kuingilia na nenosiri la mahali domeni iliposajiliwa, na la hosti, yaani kampuni inayohifadhi tovuti yako. Uwe nayo wewe, si fundi aliyekutengenezea.
- Akaunti ya Google ya biashara. Usitumie ya mpwa wako aliye chuoni.
- Google Search Console, chombo cha Google cha kukuonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, ambacho ni bure.
- Daftari au lahajedwali moja ya kuandika tarehe na nambari.
- Picha kama 20 ulizopiga mwenyewe dukani, kwenye gereji au kazini.
- Maswali 30 ambayo wateja wamekuuliza kwa simu au WhatsApp. Fungua simu uyanakili vile walivyoyaandika, hata yakiwa na makosa.
- Saa tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima.

Kama hilo la mwisho huna, afadhali uweke pesa kwenye matangazo ya kulipia kuliko kuanza safari hii na kuiacha njiani.

## Hatua ya 1: Pata umri halisi, maana uko zaidi ya mmoja

Watu husema "tovuti yangu ina miaka mitatu" wakimaanisha siku waliyolipia jina. Hiyo ni tarehe ya domeni tu. Kuna tarehe ambayo kurasa zilianza kuonekana na Google, na kuna tarehe ambayo tovuti nyingine ilikuwekea linki kwa mara ya kwanza. Hizi mbili ndizo zenye uzito.

Kama jina lako linaishia .ke, nenda kwenye tovuti ya KeNIC, wasimamizi wa majina hayo hapa Kenya, utafute domeni yako uone tarehe ya kusajiliwa. Kwa .com, tumia huduma yoyote ya whois, yaani ya kutafuta taarifa za usajili wa domeni.

Kisha ingia Wayback Machine ya Internet Archive, uweke anwani yako. Utaona nakala za tovuti jinsi ilivyokuwa miaka ya nyuma. Hapa ndipo watu hushtuka: jina walilodhani ni jipya liliwahi kumilikiwa na mtu mwingine, labda likatumika kwa kamari.

Onyo: usilipie miaka 10 kwa kudhani kwamba hilo linapandisha. Lipia miaka miwili au mitatu kwa sababu ya usalama, basi.

Umefaulu ukiwa na tarehe tatu daftarini: ya kusajili, ya nakala ya kwanza kwenye Wayback Machine, na ya ukurasa wako wa kwanza wenye maandishi ya kweli. Pengo kati ya ya kwanza na ya tatu ni muda ambao tovuti ilikuwa imelala tu.

## Hatua ya 2: Hakikisha mlango haujafungwa

Muuzaji mmoja wa samani wa Ngong Road alikuja kwangu akilalamika kwamba tovuti yake ina miezi 11 na haionekani popote, hata ukitafuta jina la duka lenyewe. Nilichukua dakika nne. Kwenye WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, sehemu ya mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwekea alama wakati wa ujenzi, jambo ambalo ni sahihi. Fundi wa muuzaji huyu alisahau kuiondoa. Miezi 11 ya "umri" ilikuwa sifuri.

Fanya hivi:

1. Kama unatumia WordPress, fungua mipangilio hiyo uondoe alama.
2. Andika anwani yako ikifuatwa na /robots.txt kwenye kivinjari; hilo ni faili linaloziambia injini za utafutaji zisiingie wapi. Ukiona mstari wa `Disallow: /` peke yake chini ya `User-agent: *`, umezifungia injini zote za utafutaji.
3. Andika kwenye Google neno `site:` likifuatwa na domeni yako bila nafasi katikati. Zitatokea kurasa zako ambazo Google inazo.

Baada ya hapo thibitisha umiliki kwenye Search Console. Njia bora ni ya rekodi ya TXT, mstari wa maandishi unaopewa na Google, unayoibandika kwenye mipangilio ya domeni, kwa sababu inashika tovuti nzima hata ukibadilisha muundo. Rekodi inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kusomeka, kwa hivyo usiifute na kuanza upya kila baada ya dakika tano.

Umefaulu ukibandika anwani ya ukurasa wako kwenye kisanduku cha juu cha Search Console, nacho kikakujibu kwamba ukurasa uko kwenye Google. Kikisema ukurasa umegunduliwa au umetembelewa ila haujaorodheshwa, mlango uko wazi, lakini Google haijaona sababu ya kuuweka. Dawa yake iko hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Peleka ramani, kisha acha kusumbua

Wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako, ndani ya Search Console. WordPress huitengeneza yenyewe. Kwa kurasa tatu au nne muhimu, omba ziorodheshwe moja moja. Kuorodheshwa huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na kuomba mara 20 kwa siku hakuongezi mwendo. Fanya vilevile kwa Bing. Search Console ikishakuwa tayari, Bing hukuruhusu kuhamishia taarifa zako kutoka huko.

## Hatua ya 4: Chagua pambano unaloweza kushinda

Hapa ndipo wengi huangukia, na hapa ndipo umri unaonekana kuwa ukuta.

Tovuti ya miezi mitatu inayouza kompyuta Luthuli ikitaka kushinda kwa neno "laptop" inapambana na maduka makubwa ya mtandaoni yenye maelfu ya kurasa na linki za miaka mingi. Hata ufanye kila kitu sawasawa, mwaka wa kwanza utapigwa. Lakini mteja aliyemwaga chai juu ya kibodi haandiki "laptop". Anaandika modeli, tatizo na mahali. Kwa swali kama hilo, mara nyingi wazee hawajaandika lolote, au wana sentensi mbili zilizonakiliwa.

Rudi kwenye yale maswali 30. Kwa kila moja:

Litafute kwenye Google kwa simu, ukiwa umefungua dirisha la faragha ili historia yako isikudanganye.

Soma matokeo matano ya kwanza. Acha kutazama umaarufu wa tovuti. Tazama kama ukurasa wenyewe unajibu swali. Ukikuta majukwaa ya maswali, video ambazo hazihusiani, au kurasa za nchi nyingine zinazotaja bei kwa dola, huo ni mlango ulioachwa wazi.

Jaribu lugha zote tunazotumia. Nairobi tunachanganya. Mtu yuleyule huandika Kiingereza asubuhi akiwa ofisini na "fundi wa friji karibu na Donholm" jioni chakula kikianza kuharibika. Kwa Kiswahili ushindani bado ni mdogo, na ninashangaa wenye biashara wanavyoipita nafasi hii kila siku.

Weka alama ya A, B au C. A ni swali lisilo na jibu zuri. B ni lenye jibu la wastani. C ni lililojaa majina makubwa. Andika A zote kwanza. C ziache hadi mwaka wa pili.

Kuna pia maswali ambayo uchanga ni faida. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Usiku huo ukurasa wenye umri wa saa mbili una maana zaidi kuliko mzee wa miaka minane. Tazama pia kilichotokea SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, Oktoba 2024: kurasa ngapi za "jinsi ya kujisajili NHIF" ziligeuka taarifa za marehemu ndani ya wiki moja? Kila sheria, ada au fomu inapobadilika kwenye biashara yako, foleni inaanza upya. Uwe wa kwanza kuandika kwa usahihi.

Umefaulu ukiwa na maswali yasiyopungua manane yenye alama ya A. Ukikosa hata matatu, umeuliza kwa upana mno. Ongeza mtaa, modeli, ukubwa au bei.

## Hatua ya 5: Andika ukurasa ambao mwingine hawezi kuunakili

Swali moja, ukurasa mmoja. Jibu liwe kwenye aya ya kwanza, maana mtu aliye na bando la shilingi 20 hana subira ya kusoma kampuni yako ilianzishwa vipi.

Kisha weka vitu ambavyo unavyo wewe tu. Fundi wa friji aonyeshe picha ya kompresa iliyoungua kando ya nzima. Aseme anatoza kiasi gani kwa kazi ya kawaida na kitu gani hupandisha bei. Aeleze kwamba umeme unaopanda na kushuka mtaani kwao huua kadi ya friji, na mteja afanye nini stima zikirudi. Aseme pia ni lini hafai kuitwa, yaani friji ambayo ni hasara kuitengeneza. Sentensi ya namna hiyo hufanya mtu akuamini na kukutumia kwa rafiki yake.

Punguza ukubwa wa picha kabla ya kupakia. Picha ya megabaiti nne kutoka kwenye simu ni mzigo. Kilobaiti 150 hadi 200 zinatosha. Google inahesabu upakiaji kuwa mzuri ikiwa kitu kikuu kwenye skrini kinatokea ndani ya sekunde 2.5. Jipime kwa simu ya bei ya chini yenye data, usijipime kwa Wi-Fi ya ofisini.

Onyo: usijaze tovuti kurasa 40 zinazofanana, kila moja ikibadilishwa jina la mtaa tu: Kasarani, Roysambu, Zimmerman, Githurai. Nimeziona nyingi. Google huzitazama, ikaacha kuziorodhesha, na ule ukurasa wako mmoja mzuri unapotea katikati ya takataka.

Onyo la pili: usibadilishe tarehe ya ukurasa bila kubadilisha maudhui. Kuandika "imesasishwa leo" juu ya bei za mwaka juzi ni kumdanganya mteja, na maelekezo ya Google yanakataa ujanja huo.

Umefaulu ikiwa mteja akikuuliza swali hilo kwenye WhatsApp unaweza kumtumia linki na asiulize tena.

## Hatua ya 6: Pata watu wa kukutaja

Hiki ndicho hasa wazee wanacho nawe huna. Hakuna njia ya mkato, lakini kuna njia ya miguu.

Anza na wanaokufahamu. Msambazaji anayekuletea mali ana orodha ya wauzaji kwenye tovuti yake? Uwemo. Chama cha biashara, chuo ulichosomea ufundi, kanisa au msikiti uliowawekea madirisha, shule uliyowatengenezea madawati: wengi wana tovuti, na wengi watakubali ukiomba kwa adabu, hasa ukiwapa picha na maelezo mafupi waliyokuwa wanayahitaji.

Fungua Wasifu wa Biashara wa Google siku hiyohiyo. Kwenye matokeo ya ramani, Google hutazama unalingana vipi na kinachotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Umbali haujui umri. Duka la mwezi mmoja lililo mtaa wa tatu kutoka kwa mteja linaweza kumpita kongwe la Industrial Area. Jina, simu na mahali viandikwe vilevile kila sehemu. Kama duka liko ghorofani, taja jengo, ghorofa na nambari ya mlango.

Omba maoni kwa kila mteja aliyeridhika, kabla hajatoka mlangoni. Usiyanunue wala kumpa mtu punguzo ili aandike; Google inakataza. Linki za kununuliwa nazo ni vilevile. Yule anayekuahidi "linki 500 kwa shilingi 3,000" anakuuzia matatizo ya mwaka ujao.

Umefaulu ukipata linki tano za kweli katika miezi sita. Tano tu. Usicheke nambari hiyo.

## Hatua ya 7: Soma kalenda bila kujidanganya

Google yenyewe iliwahi kuwaeleza wenye biashara kwamba kazi hii huhitaji takriban miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya faida kuonekana. Kwa hiyo anayekata tamaa wiki ya tisa amekata mti unaotoa maua.

Kila tarehe 1, fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console, uandike daftarini mionekano (mara ambazo umetokea kwenye matokeo), wastani wa nafasi na mibofyo. Ripoti huhifadhi miezi 16 tu, kwa hiyo daftari ndilo litakalokumbuka zaidi.

Mwezi wa kwanza na wa pili, furahia kuorodheshwa peke yake. Mwezi wa tatu hadi wa tano, mionekano ianze kupanda hata kama mibofyo ni michache. Maana yake Google inakujaribisha chini ya foleni. Kuanzia wa sita, tafuta kurasa zilizo nafasi ya 8 hadi ya 20. Hizo ndizo za kuongezea picha, swali lililosahaulika, au linki kutoka kurasa zako nyingine. Kuzisukuma kidogo huleta wateja haraka kuliko kuandika mpya.

Mionekano ikibaki sifuri miezi mitatu mfululizo, tatizo si umri. Rudi hatua ya 2, kisha ya 4.

## Vipi kuhusu domeni kuukuu zinazouzwa?

Mteja mmoja, kabla hatujajuana, alinunua domeni ya miaka tisa kutoka kwa mtu wa mtandaoni aliyemwahidi ukurasa wa kwanza. Jina lilikuwa la shirika la misaada lililofungwa. Yeye anauza matairi. Hakupata mteja hata mmoja kutoka huko, na muuzaji hakupatikana tena kwenye simu.

Machi 2024 Google iliandika wazi katika sera zake za taka kwamba kununua domeni iliyoisha muda na kuijaza maudhui yasiyo na thamani, ili tu kudandia sifa za mmiliki wa awali, ni kosa. Tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa.

Kununua jina la zamani kunaweza kufaa pale biashara ni ileile na unaichukua pamoja na wateja wake, kama umenunua duka lenyewe. Hata hapo, pitia Wayback Machine mwaka kwa mwaka, na baada ya kuthibitisha umiliki angalia sehemu ya adhabu kwenye Search Console. Ikiwa safi, endelea.

## Hatua ya 8: Linda umri ulioupata

Tovuti ikishashika, hatari kubwa ni wewe mwenyewe na fundi wako.

Ukibadilisha muundo, usibadilishe anwani za kurasa bila sababu. Ikibidi, kila anwani ya zamani ielekezwe kwa mpya yake kwa njia ya 301, yaani uelekezaji wa kudumu, ukurasa kwa ukurasa, wala usizitupe zote kwenye ukurasa wa nyumbani. Ukihama domeni nzima, tumia chombo cha kubadilisha anwani ndani ya Search Console, na uyaache maelekezo hayo angalau mwaka mmoja. Hiyo ina maana ya kuendelea kulipia jina la zamani pia.

Kisha jambo ambalo limeua tovuti nyingi za Nairobi kuliko mabadiliko yoyote ya Google: domeni ilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi, fundi akahamia Dubai, ilani za malipo zikawa zinaenda kwake, jina likaisha muda, mtu mwingine akalidaka. Miaka sita ya linki na wateja, imekwenda.

Ingia leo mahali domeni ilipo. Barua pepe ya mmiliki iwe yako. Simu iwe yako. Weka ukumbusho miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, na mwingine kwenye simu ya mke, mume au mshirika wako. Umefaulu pale ilani ya kulipia ikija, inalia mfukoni mwako.